Mkono Mfukoni

Nawaandikia wanaume wanaotembea na mkono mmoja mfukoni. Siwasemi wale wanaotafuta funguo au tumbaku. Nawasema ninyi ambao mkono ukiingia humo unabonyeza, mkisimama kuzungumza na watu mnabonyeza zaidi, na chafya ikiwajia mnageukia ukuta kwanza. Nawajua. Mwendo wenu nautambua tangu mnapokata kona ya sokoni, kwa sababu niliutembea miaka mitatu, na miaka yote hiyo kazi yangu ya serikali ilikuwa kuwapasua watu ugonjwa huohuo.

Huku kwetu Mwanza tunauita mshipa. Hospitali wanauita ngiri. Utumbo unapata upenyo kwenye kinena, unashuka na kuvimba chini ya ngozi. Ukilala unarudi, ukisimama unashuka tena. Hayo yanatosha. Sikuja kufundisha udaktari. Nimekuja kusema niliyoyaficha, na nayasema kwa aibu, maana mwili umepona lakini aibu haijapona.

Jina langu Mabula, mzaliwa wa upande wa Kisesa. Wazee wa Kirumba hawanijui kwa jina hilo. Wao wananiita Kiberiti. Nilipokuwa shule, miaka ile Waingereza ndio kwanza wamezoea viti vya Wajerumani, nilikimbia yadi mia peku na walioshindana nami walinijua kwa kisogo tu. Sikukuu ya Mfalme ikifika, wavuvi waliacha samaki wao mwaloni, pale ufukoni mwa ziwa, wakaja kutazama. Nilikuwa nasikia "Kiberiti! Kiberiti!" hata kabla sijainama mstarini, na uongo mbaya, nilipenda kulisikia jina hilo kuliko chakula.

Mbio zile ndizo zilizonitoa. Bwana mmoja wa elimu alisema kijana mwenye miguu kama hii asiachwe kuchunga ng'ombe. Nikapelekwa shule ya mbali, na kutoka huko nikavushwa ziwa kwa meli kwenda Uganda kusomea utabibu. Niliporudi nilikuwa na suruali iliyopigwa pasi, cheti, na ruhusa ya kushika kisu. Waafrika wenye ruhusa hiyo tulikuwa wachache mno, nami sikumwacha mtu asahau.

Nikawa daktari wa kupasua, na nilipasua kama nilivyokimbia. Mshipa mmoja niliumaliza kabla mke wangu hajasonga ugali wa watu watano. Bwana Daktari, Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, alizoea kunitazama akitikisa kichwa na kucheka. Madresa, wasaidizi wa kufunga vidonda, walinishikia vyombo. Dresa wangu wa karibu alikuwa Magesa, Mjita kutoka Mara, mtu mpole, mwenye vidole virefu na ulimi unaoweka r mahali pa l. Nilimfundisha yote niliyoyajua, na kila siku nilimcheka ulimi wake mbele ya wagonjwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila Jumanne asubuhi wenye mshipa walipangwa mstari barazani. Kila mmoja aliinua shuka yake, mimi nikapita nimeweka vidole, nikamwambia kohoa. Ndivyo mshipa unavyopimwa: ukikohoa, unagonga kidole. Watu kumi na watano wanakohoa mmoja baada ya mwingine, na walioleta wagonjwa wao wanapita nyuma na vyungu vya uji, kwa sababu hospitali yetu haikupika. Pazia halikuwapo. Lingeweza kuwapo, shuka zilijaa stoo, ila sikuona haja. Nilipenda kuwa na watazamaji.

Basi nilikuwa nawapa majina. Wewe Tikiti. Wewe Kibuyu. Wewe Mtungi wa Pombe, sogea. Watu walicheka mpaka wakashika nguzo, na hata wenye mshipa walicheka, nami nikadhani wanacheka kwa furaha.

Jumanne moja alisimama mzee kutoka Misungwi, Mzee Ngassa. Alikuwa mrefu, kichwa cheupe, na mshipa wake ulikuwa wa siku nyingi, umeshuka hadi nusu ya paja. Nikamgeukia Magesa.

"Na huyu? Huyu ana mimba ya miezi minane. Nani kamleta huku? Mpelekeni wadi ya wazazi."

Baraza likalipuka kwa kicheko. Mzee hakukohoa. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu, nami nikageuka. Pale alikuwa amesimama mwanamke na kibuyu cha uji. Alikuwa mke wa mwanawe.

Msomaji asiye Msukuma anivumilie. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wake hawakai kiti kimoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno la mwili wa mkwe halitamkwi mbele yake hata akiwa maiti. Sikusimuliwa desturi hiyo, nilizaliwa ndani yake. Mama yangu alizunguka nyumba nzima ili asipishane na babu yangu mlangoni. Lakini nikishavaa koti jeupe nilijiona sina ukwe wala ukoo.

Mzee Ngassa akashusha shuka yake taratibu. "Daktari," akasema, "nimesahau kufunga ndama." Akatoka. Yule mwanamke akamfuata kwa mbali, kibuyu bado kimejaa.

Magesa akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwarimu, nimfuate?"

"Mwache," nikasema. "Mshipa utamrudisha wenyewe."

Kiangazi kilichofuata, makarani vijana wa bomani walinichokoza. Walisema Kiberiti siku hizi kimelowa maji. Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nina pacha wawili nyumbani, Kulwa na Doto, na kitambi kinaanza kubisha hodi. Siku ya michezo nikavua viatu nikasimama mstarini nao. Nilishinda, lakini kwa kifua tu. Kwenye hatua za mwisho nilisikia kitu kimeachia upande wa kulia wa kinena, kama uzi wa kifungo unapokatika. Watu walinibeba mabegani. Huko juu nikaweka mkono mfukoni kwa mara ya kwanza.

Nilipooga jioni nilikiona: kivimbe kidogo, kama punje ya harage. Nikalala chali, kikarudi. Nikasimama, nikakohoa, kikanigonga kidole. Katika mji mzima hakuna aliyejua kuliko mimi hicho ni kitu gani. Ningemwambia Bwana Daktari kesho yake, ningepasuliwa wiki hiyohiyo na kurudi kazini kabla pamba haijaisha kupimwa. Badala yake nikachana shuka kuukuu, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikajishonea mkanda.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimewapa watu majina, na nilijua jina langu linanisubiri barazani. Na kuna hili jingine ambalo wanaume tunaliamini bila kulisema, kwamba mwenye mshipa amekwisha uanaume. Nilikuwa nimewaambia wagonjwa mia kuwa ni upuuzi. Ulipofika kwangu niliuamini.

Mwaka wa kwanza harage likawa yai la kuku. Mkanda ulinichubua ngozi, na masika ilipoingia jasho lilifanya kidonda chini ya mpira. Nilikipaka dawa za serikali nikiwa nimejifungia chooni. Kukimbia nikaacha, kuinama nikaacha. Nilijifunza kucheka bila tumbo. Barazani nikaacha kutoa majina, na watu wakasema daktari amekuwa mtu mzima.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Mke wangu Minza alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Aliona naoga nimekomea mlango kwa gogo. Aliona nalala na kaptura, nimempa mgongo. Mwezi ukapita, msimu ukapita. Siku moja alikuwa anachambua mchicha, akasema bila kuinua uso, "Baba Kulwa, huyo mwanamke anakaa wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekuona ukivua nguo."

Na mimi, badala ya kumwambia, nilikasirika. Nilifoka hadi pacha wakatoka nje. Ilinifaa adhani nina mwanamke. Mwanamume mwenye hawara ana heshima yake mjini. Mwenye mshipa hana. Nimeandika sentensi hiyo na kuikata mara tatu, lakini nimeamua ibaki, kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Mwaka wa pili, yai likiwa sawa na parachichi, nilifanya jambo la kipumbavu zaidi. Nilipanda lori la pamba hadi Kisesa kwa mganga wa miti shamba aliyesifiwa kwa magonjwa ya wanaume. Nilivaa kofia nimeishusha hadi nyusi. Uani kwake palikuwa na benchi ndefu, nikakaa mwishoni na kuku wangu mkononi, kama kila mtu. Kumbe kusubiri ni kazi! Miaka yote nilikuwa upande wa pili wa mlango. Sikujua benchi linavyouma, wala jinsi kila mtu anavyomkagua mwenzake kimyakimya ili ajue ameletwa na nini. Nilikaa tangu jua la asubuhi mpaka likatuhama kichwani.

Kisha mama mmoja akainama mbele yangu, uso umemjaa furaha. "Shikamoo, daktari! Mimi si yule uliyenitoa jipu la mgongo?"

Benchi zima likanigeukia. "Marahaba, mama," nikasema. "Nimekuja kukagua usafi."

Wakatazama kuku. Walinihurumia, na huruma yao ilinichoma kuliko kicheko.

Mganga hakuwa mzee wala hakuwa na manyoya kichwani. Alikuwa mtu wa umri wangu, ana haraka, mikono imejaa majani mabichi. Alinisikiliza nusu tu.

"Mshipa?" akasema. "Bwana, mshipa mimi siutibu. Hauna dawa ya kunywa. Wote nawatuma kwako. Juzi nimekutumia wawili, hawakufika?"

Nikasema walifika.

"Sasa wewe unanitafuta mimi nikutume wapi? Mganga hajigangi, sawa, lakini si mko wengi huko?" Akanirudishia kuku. Nilipokuwa natoka akaniita. "Ila kuna mmoja nilimtuma akakataa. Mzee Ngassa wa Misungwi. Alisema alishakwenda kwako mara moja, na hawezi kukohoa tena mbele ya mkwe wake. Nikamwambia, baba, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema afadhali kifo. Basi kiangazi hiki utumbo umejifunga ndani. Siku mbili tu."

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka nilimwachia kuku yule mama wa jipu, naye akaomba Mungu anizidishie.

Mngedhani baada ya hapo nilikwenda kupasuliwa. Hapana. Niliona sasa nina haki ya kufa na mshipa wangu. Nilijiambia ni toba, lakini mkiichunguza ilikuwa ni kiburi kilekile, kimebadilisha koti tu. Na muda wote huo watoto wangu walikuwa wanakula kwa jasho langu, na mke wangu anakonda. Mwaka wa tatu Minza akamwita mama yake.

Mama mkwe alifika masika, siku ya Jumatatu, akafikia kwa jirani kama inavyopasa, maana mimi na yeye hatulali chini ya paa moja. Alikuja kuuliza habari za hawara. Angeuliza kupitia kwa mjomba wa Minza, Jumatano, baada ya mimi kutoka kazini. Ila Jumanne ikatangulia.

Nilipoamka Jumanne hiyo uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe. Nililala chali, haukurudi. Nikabonyeza, nikaona nyota mchana. Nikajifungia bafuni nikiendelea kuubonyeza, jambo ambalo nilikuwa namwonya kila mgonjwa asilifanye, mpaka nikatapika. Nikatapika tena. Nje Minza aliita mara mbili, kisha nikasikia gogo la mlango linavunjika.

Alinikuta chini, mkanda wa baiskeli umefunguka, kila kitu wazi. Kisha akapiga magoti, akaokota mkanda ule, akaugeuzageuza, akaona damu ya kidonda kwenye mpira.

"Kumbe ni hili?" akasema. "Miaka mitatu, Baba Kulwa, ni hili tu?" Akaanza kulia, na kati ya kilio akanipiga kofi la bega, la kweli, linaloumiza. Kisha akaita majirani walete kitanda.

Nyumba zetu za watumishi zilikuwa hatua mia mbili kutoka hospitali. Umbali huo zamani ningeumaliza kwa pumzi moja. Sasa nilibebwa juu ya kitanda cha kamba na watu wanne, kila hatua yao inanipasua. Nikamwomba Minza wanipitishe mlango wa nyuma.

"Mlango wa nyuma ni wa maiti," akasema. "Wewe bado."

Bwana Daktari alikuwa amevuka kwenda Ukerewe, asingerudi kabla ya siku tatu. Mimi nilijua hesabu ya utumbo uliojifunga: siku tatu sikuwa nazo. Aliyebaki ni Magesa, na Magesa alikuwa dresa, hakuwa na ruhusa ya kupasua hata mbwa.

Na ilikuwa Jumanne. Kitanda kilipopanda ngazi niliwaona wote, wanaume tisa mstarini, kila mmoja na shuka yake. Nyuma ya Minza alikuwa anakuja mama mkwe wangu, amesikia mayowe, anakimbia na kanga mkononi.

Nikafumba macho. Nikawaza, sasa. Sasa jina langu nitalisikia.

"Mama," nikamsikia Magesa anasema kwa sauti kubwa ya heshima, "usiogope. Mkweo ana tumbo. Ni tumbo tu, mama. Keti pare chini ya kivuri, nitakuita."

Kisha akasema kitu kwa sauti ya chini kwa wale wanaume. Nilipofumbua macho, wote tisa walikuwa wamenizunguka wamenipa mgongo. Walikuwa wamevua mashuka ya mabegani wakayashika juu, bega kwa bega, na mimi nilikuwa ndani ya chumba cha nguo. Mmoja wao nilimtambua. Zamani nilikuwa nimempa jina la Kibuyu, akaondoka bila kupasuliwa, na sasa amerudi. Shuka yake ilikuwa na kiraka. Hakugeuka.

Niliyatamani makelele yao. Ningeyastahimili. Heshima ile ndiyo iliyonivunja.

Magesa akaweka vidole. "Kohoa, mwarimu."

Nikakohoa. Hakuna kilichogonga. Tukatazamana, maana wote wawili tulijua: mshipa usiojibu kikohozi umekwisha kufungwa.

"Sina ruhusa," akasema.

"Najua."

"Wakinifukuza nina watoto watano."

"Najua, Magesa."

Sikuwa na haki ya kumwomba, na sikumwomba. Akawaambia madresa wachemshe vyombo.

Alinichoma sindano ya ganzi, kwa hiyo nilikuwa macho. Sikuwahi kuitazama dari ya chumba kile. Ina doa la maji la rangi ya chai juu ya meza, na kila niliyewahi kumpasua alilala akilitazama. Magesa alikata polepole. Nilitaka kumsukuma kwa maneno: shika hapa, kata pale, upesi. Nikafungua mdomo.

"Turia, mwarimu," akasema. "Reo wewe ni mgonjwa."

Sikumcheka.

Alipofikia utumbo akanyamaza, nami nikajua ni mweusi. Ukibaki mweusi lazima kipande kikatwe, na kazi hiyo Magesa hakuwahi kuishika. Akaufunika kwa kitambaa cha maji ya chumvi ya moto, akasubiri. Dresa mwingine akabadilisha kitambaa. Wakasubiri. Nilisikia Magesa anaomba kwa Kijita, neno moja analirudia. Kitambaa cha tatu. Mimi sikuomba, nilimkumbuka Mzee Ngassa, ambaye hakuwa na kitambaa cha moto, ila siku mbili juu ya ngozi ya ng'ombe huko Misungwi.

"Unabadirika," Magesa akasema. "Unakuwa mwekundu, mwarimu. Unatembea."

Nikalia. Minza, aliyekuwa nyuma ya mlango, akadhani nimekufa, akapiga yowe. Ikabidi dresa atoke kumwambia.

Siku ishirini na moja nililala chali, mfuko wa mchanga juu ya kinena. Hakuna mbio ndefu kama hiyo. Nilioshwa na watu niliowafokea. Nililetewa chupa ya kukojolea mchana kweupe, na mzee wa kitanda cha jirani alinifundisha kuiinamisha bila kumwaga. Kikohozi kilikuwa moto; Minza alinishikia mto mdogo hapo kila kilipokuja. Mama mkwe hakuingia wadini hata siku moja. Kila asubuhi aliweka uji kizingitini akauliza kwa sauti, "Tumbo la baba limeamkaje?" Nami nikajibu kutoka ndani, "Linaendelea, mama." Mpaka leo sijui kama aliamini ni tumbo. Sidhani.

Wiki ya pili Minza alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ningekuchekea nini?" akaniuliza. "Nimekuzalia pacha, nimekuona ukitapika kwa malaria. Mficha uchi hazai. Ulinifungia mlango." Alikuwa amekwisha kunisamehe habari ya mshipa. Habari ya mlango ilimchukua misimu miwili zaidi, na alikuwa na haki.

Bwana Daktari aliporudi alitaka kumfukuza Magesa. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilimwamuru mimi, na kila kisu kilipita kwa maagizo yangu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wenye faida kwa mtu mwingine. Magesa alibaki, na baadaye alipewa ruhusa aliyostahili.

Niliporudi kazini kitu cha kwanza kilikuwa pazia. Minza alilishona kwa kitambaa cheupe cha marekani, nikalitundika barazani kwa kamba. Mtu anaingia mmoja mmoja, na kinachosemwa ndani hakitoki. Yule wa shuka ya kiraka nilimpasua mwenyewe. Polepole. Nilimwomba radhi kabla ya sindano, akasema, "Yale ya zamani, daktari?" kana kwamba ni habari za enzi ya Mjerumani.

Lakini aliyebaki hakuwa wa kupasuliwa tena. Kiangazi kilipofika, pamba ikiwa barabarani, nikaenda Misungwi.

Nilimkuta mjane wa Mzee Ngassa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Mke wa mwana ndiye aliyenipokea. Alipiga magoti akanisalimu, akaniletea maji, hakunitazama usoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Mama," nikamwambia, "siku ile barazani, neno nililolisema mbele yako..."

"Siku ile sikusikia neno, daktari," akasema. "Nilikuwa nafunika uji."

Nikajaribu tena. "Nimekuja kuomba..."

"Sikusikia," akarudia, kwa upole uleule, akachukua kata ya maji akaondoka. Ndivyo alivyomfichia mkwe wake akiwa hai, na ndivyo anavyomfichia hadi sasa. Msamaha niliokuja kuutafuta ungemlazimisha akiri alisikia. Nikayameza maneno yangu.

Mumewe, Shija, alinisindikiza hadi nje ya boma. Ni mrefu kama baba yake. "Baba alikuwa anakusifu," akaniambia. "Alikuona ukikimbia, zamani, sikukuu ya Mfalme. Siku anakwenda hospitali alituambia, mimi nitapasuliwa na Kiberiti, nitarudi kabla jua halijazama."

Nilitazama chini, na hapo ndipo nilipouona mkono wake. Ulikuwa mfukoni, umebonyeza.

Sikumwambia inua. Nilimshika kiwiko nikampeleka nyuma ya ghala la mtama, mahali pasipoonekana kutoka nyumbani. Nikafungua mkanda wangu, wa ngozi, wa kawaida, nikashusha suruali mimi, daktari wa serikali, nikamwonyesha kovu.

Aliliangalia muda mrefu. "Wewe?" akasema.

"Mimi."

Mkono ukatoka mfukoni taratibu. Akauliza, "Nikohoe?"

"Hapa hukohoi. Kule kuna pazia. Chukua shuka yako twende, lori linapita saa nane."

Tulipokuwa tunapita uani mama yake akainua kichwa kutoka kwenye michembe. "Mnakwenda wapi na mwanangu?"

Shija akanitazama mimi.

"Ana tumbo, mama," nikasema. "Ni tumbo tu."

Yule mama alinikazia macho, mikono yake imejaa vumbi la viazi. "Hata baba yake lilikuwa tumbo," akasema, akainuka kwenda kutufungia michembe ya njiani.